Mchango wa chai ofisini ukatwe kwenye mshahara? Tujadili

Mleta mada (Mbeya mjini)

Habari za asubuhi wakuu. Naandika nikiwa na koti na soksi mbili mbili, ndani ya ofisi. Anayeijua Mbeya ya Julai hahitaji kuelezwa. Alfajiri kipimo kinashuka hadi nyuzi 6 au 7, na hadi saa mbili vidole bado havibonyezi kibodi sawasawa.

Tupo kumi na mmoja, ofisi binafsi, ghorofa ya pili, si mbali na Mafiat. Jina la ofisi mniachie, nina watoto wanasoma. Kwa miaka miwili tumekuwa tukichemshia maji kwenye jagi la umeme alilonunua dada yetu wa masijala kwa pesa yake, shilingi 45,000, pale Mwanjelwa. Utaratibu ulikuwa anayekunywa achange 5,000 kwa mwezi, hela inakaa kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. Mwezi wa kwanza walichanga wanane. Kufikia Aprili tulikuwa wanne. Wanywaji hawakupungua hata mmoja.

Sukari ndiyo ilimchosha dada wa watu. Ijumaa jioni alipiga mstari wa kalamu nje ya kopo la plastiki, usawa wa sukari ilipoishia. Jumatatu sukari ilikuwa chini ya mstari kwa upana wa vidole viwili. Ijumaa iliyofuata mwenzetu mmoja, kwa utani, akabandika karatasi imeandikwa SUMU YA PANYA. Ikashuka vilevile. Maana yake kuna mtu hapa ofisini anakoroga sumu ya panya kwenye chai na haumwi hata tumbo.

Jumatatu iliyopita tumefika, jagi hakuna. Pale mezani pamebaki duara la maji yaliyokauka na sisimizi wamejipanga. Dada kalibeba kwake. Saa nne bosi, sisi tunamwita Mzee, akaitisha kikao na kutoa uamuzi kwamba ofisi itanunua jagi kubwa, na kila mfanyakazi atakatwa 10,000 kwenye mshahara kuanzia mwezi huu, anywe asinywe.

Msimamo wangu nauweka mezani. Dada alikuwa na haki ya kubeba kilicho chake, na makato haya siyakubali. Nimechanga kila mwezi, waulizeni. Ila kuna mwenzetu Msabato, tangu aajiriwe hajagusa chai, anakuja na maji yake ya moto kwenye chupa. Huyo akatwe 120,000 kwa mwaka kwa kosa gani? Karibuni.

Karani wa Tukuyu

Ugonile mleta mada. Nakupinga mapema kabla hujapata mashabiki.

Hiari umeijaribu mwenyewe na umetuletea matokeo: wanachanga wanne, wanakunywa kumi. Unataka kuijaribu mara ngapi? Kwetu huku tulikuwa na mwavuli wa ofisi. Na Tukuyu mnaijua, mvua ya mwaka inapita milimita 2,000, huwezi kutoka kwenda benki bila mwavuli. Tulikubaliana kwamba anayeutumia aurudishe. Umenunuliwa mara tatu. Wa mwisho niliuona Jumapili umeegeshwa mlangoni kwa mtu ninayefanya naye kazi, mke wake anaanikia vitambaa juu yake. Niliposema, akaniambia, "Si wa ofisi? Na mimi si ni ofisi?"

Kitu cha wote bila lazima ni cha mwenye mkono mrefu. Huyo Msabato wenu apewe msamaha kwa barua, habari iishe. Wengine wakatwe.

Dada wa mapokezi, Njombe

Mnajadili hela tu. Nani anaosha?

Nilipoajiriwa nilikuta beseni lina vikombe tisa. Nikaviosha siku ya kwanza kwa sababu nilikuwa mgeni na nilikuwa sina kikombe. Hilo ndilo kosa nililofanya maishani. Kuanzia siku ile vikawa vyangu. Mtu anakunywa, anaacha utando wa maziwa umeganda ukutani mwa kikombe, kijiko kimesimama humo na sukari isiyoyeyuka, anapita mbele ya sinki, anakuja kukiweka mezani kwangu. Mezani kwangu! Sinki liko hatua nne kutoka kwake. Nikimwangalia ananiambia, "Dada, ukipata nafasi."

Sisi tuna mhudumu wa usafi kutoka kampuni ya nje. Mkataba wake ni sakafu, vyoo na madirisha, vyombo havimo. Nilimuuliza, akanionyesha karatasi. Namheshimu sana yule mama, ni wa kwanza kuniambia kwamba kazi isiyoandikwa haifanywi.

Sasa mkishakatana hizo elfu kumi, mjue wanaume mtakaa mkao wa mteja hotelini. "Nimelipa bwana." Leo wasiochanga angalau wana aibu kidogo. Mkiwakata, hata aibu nao wameilipia.

Mwalimu, Mbalizi

@Dada wa mapokezi, pole sana, lakini si wanaume wote. Mimi naosha changu.

Dada wa mapokezi, Njombe

Mwalimu, unaosha *chako*. Ndicho nilichosema.

Afisa utumishi, Mafinga

Nisaidie upande wa sheria, kwa sababu naona watu wanazungumzia mshahara wa mtu kama kopo la mchango.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamkataza mwajiri kukata chochote kwenye ujira ila kwa njia chache: sheria iseme, au mkataba wa hali bora (ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri), au amri ya mshahara, au mahakama, au uamuzi wa usuluhishi. Nje ya hapo, mfanyakazi mwenyewe akubali kwa maandishi, na kukubali huko ni kwa ajili ya deni. Kutangaza kikaoni na watu kunyamaza si kukubali. Sisi wa huku Nyanda za Juu tunanyamaza sana mbele ya wakubwa, kisha tunaongea kwenye daladala.

Na jiulizeni, chai ambayo mtu hajainywa ni deni gani?

Maji ya kunywa ni habari nyingine. Maji safi na salama mwajiri anatakiwa ayatoe kwa mujibu wa sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003. Chai haimo humo. Mwajiri akitoa ni ukarimu wake, na ukarimu haukatwi kwenye mshahara wa mwingine.

Kijana wa fildi

Shikamooni wote. Mimi ni mwanafunzi, niko kwenye mafunzo kwa vitendo, ofisi moja hapa hapa Mbeya. Silipwi. Kila saa nne natumwa maandazi. "Kijana, weka yako, utarudishiwa." Wiki ya tano hii, wanadaiwa 14,500. Nimeandika nyuma ya kitabu cha kumbukumbu za fildi. Msimamizi ndiye anayetia sahihi kitabu hicho, kwa hiyo nauliza wakubwa zangu, ukurasa ule niuchane au niuache?

Karani wa Tukuyu

Uache mdogo wangu. Tena uandike kwa wino mwekundu.

Wa Makete

Nyuzi 6 mnaziita baridi? Njooni Kitulo mwezi huu mkute majani yameganda asubuhi, unakanyaga yanalia kama biskuti. Huku hakuna mtu anayegombea sukari, tunagombea kukaa karibu na jiko la mkaa. Endeleeni.

Mhasibu mstaafu, Kihesa (Iringa)

Kamwene vanyalukolo. Nimefanya uhasibu miaka mingi na sijaona hesabu kwenye mjadala huu, nimeona hasira tu. Tuhesabu.

Watu kumi na mmoja kwa 10,000 ni 110,000 kwa mwezi. Siku za kazi tuseme 22. Kila mtu vikombe viwili kwa siku, vijiko viwili vidogo kila kikombe, karibu gramu 10. Hiyo ni gramu 220 kwa siku, kilo tano kasoro kidogo kwa mwezi. Tuiweke sukari 3,000 kwa kilo, inakuja 15,000. (Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika kwa sababu ya mvua za El Niño, kilo ilipita 4,000, kwa hiyo nakubali inapanda na kushuka.) Majani weka 7,000, na ni aibu kuyagombea wakati tumekaa katikati ya Mufindi, Njombe na Rungwe, chai yote hii inatuzunguka. Maziwa lita moja kwa siku kwa 1,800, hapo ni 39,600. Jumla 61,600.

Umeme? Jagi la wati 2,000 linachemsha lita moja na nusu na ushee kwa kama dakika tano, sawa na uniti 0.16. Uniti ikiwa takribani shilingi 350, kila mchemsho ni kama shilingi 56. Hata mkichemsha mara kumi kwa siku hamfiki 13,000 kwa mwezi, na LUKU ya ofisi analipa mwajiri, si nyie.

Kwa hiyo 5,600 kila mtu inatosha, na hapo nimemhesabu hata Msabato. Elfu arobaini na nane na ushee zinazobaki kila mwezi zinakwenda wapi? Mleta mada, hilo ndilo swali la kuuliza kikaoni. Na uliulize ukiwa umesimama karibu na mlango.

Mwalimu, Mbalizi

Mzee umetuvua nguo. Ila lita moja ya maziwa kwa watu kumi na mmoja ni chai ya rangi iliyoogopeshwa tu.

Mhasibu mstaafu, Kihesa (Iringa)

Ongezeni ya pili basi. Mtafika 101,200 na Mzee wenu atakuwa amesema kweli. Lakini akubali kuandika kwamba ni lita mbili, na risiti zibandikwe jikoni.

Mama wa chapati, Kabwe

Wanangu mnahangaika. Mimi nina chupa tatu kubwa, natembeza ofisini saa nne kamili. Chai imepikwa kwenye sufuria na tangawizi na iliki, si hayo maji ya kumwagia. Mjukuu wangu anayesoma ananiambia huku juu maji yanachemka kabla ya nyuzi 100, kama 94 hivi, kwa sababu ya mwinuko. Mimi najua tu kwamba chai ya jagi huku haikolei.

Kikombe cha rangi 300, cha maziwa 500. Anayekunywa analipa, asiyekunywa ananisalimia napita. Mstari wa kalamu kwenye kopo wa nini?

Shida yangu ni moja. Daftari langu la madeni lina majina mengi ya wenye viti vya kuzunguka kuliko ya walinzi. Mlinzi analipa saa ile ile.

Karani wa Tukuyu

Mama umesema vizuri, lakini anayekunywa vikombe viwili vya maziwa kwa siku anakulipa 22,000 kwa mwezi. Makato ya 10,000 ni nafuu kwake mara mbili. Narudi palepale: wakichanga wote kweli, wote wanapata nafuu. Ninachokataa ni watu kuita uchoyo haki. Dada wa masijala alikuwa na haki ya kubeba jagi, sawa. Lakini wale wanne waliochanga Julai wamekosa nini hadi wanywe maji ya bombani na baridi ile? Hela yao si ilikuwa kwenye kopo?

Mleta mada (Mbeya mjini)

Karani hapo umenigusa. Mimi ni mmoja wa hao wanne, na nilikasirika asubuhi ile, sitadanganya. Nilikwenda kumuuliza. Akafungua droo, akanirudishia 5,000 yangu kwenye bahasha, jina langu limeandikwa. Bahasha nne zilikuwa tayari tangu Ijumaa. Nilikosa la kusema.

Hesabu ya mzee wa Kihesa nimeichapa. Nimeiacha juu ya printa kama nimeisahau.

Sasa ni saa tisa na robo. Fomu za kukubali makato zimepita mezani, naona kuna mtu amemwambia Mzee habari za kifungu cha 28. Wamesaini saba, Msabato naye amesaini. Nimemuuliza kwa nini, ameniambia hataki maneno. Orodha ina majina kumi. Nimehesabu mara mbili nikidhani nimeruka mstari. La Mzee halimo.

Afisa utumishi, Mafinga

Usisaini leo. Sema unaisoma kwanza, ni haki yako.

Mama wa chapati, Kabwe

Mwanangu, ghorofa ya pili jengo lipi? Kesho nipitie.