Waliopimwa kabla ya kupewa dawa ya kupunguza uzito, Arusha na Moshi: tupeane uzoefu

MamaWawili wa Njiro

Wakuu, habari za jioni. Nina kilo 92, urefu sentimita 162. Ofisini kwetu kuna dada kapungua kwa ile sindano ya mara moja kwa wiki, nami nikasema siachwi. Juzi nimetoka Njiro na hela ya sindano kwenye pochi. Nimerudi nayo, kasoro ya kumwona daktari na ya vipimo.

Daktari alianza na mzani: viatu nje, kilemba nje. Futi ya fundi cherehani kiunoni. Presha mara mbili, ya pili baada ya kukaa kimya dakika tano kwa sababu nilikuwa nimepanda ngazi nikihema. BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, ikatoka 35. Akasema kwa kigezo hicho nimepita, maana dawa hizi huanzia 30, au 27 kama una presha, sukari au tatizo jingine linaloendana na unene. Nikajua tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza anavuta kiti.

Kilo zilianza kupanda lini? Unakoroma? Unatumia dawa gani, hata za kienyeji? Umewahi kuumwa kongosho, au mawe kwenye nyongo? Hedhi ya mwisho lini, na una mpango wa mtoto mwingine? (Kumbe ukitaka kubeba mimba, semaglutide, ndiyo dawa ya hiyo sindano, unaiacha angalau miezi miwili kabla.) Halafu akauliza: "Kwenu kuna aliyewahi kuwa na saratani ya tezi ya shingo?"

Hapo nikakwama. Bibi yangu mzaa baba, wa Marangu, alipasuliwa shingo. Nyumbani tunasema alikuwa na rovu, basi. Nani aliwahi kuuliza ni rovu la aina gani? Huko mlimani zamani wazee wenye rovu hawakuwa kitu cha kushangaza. Daktari akanieleza kuwa rovu la kukosa madini joto silo analolitafuta. Anatafuta saratani moja ya nadra, ya medula, ambayo wakati mwingine hutembea kwenye ukoo. Panya wa maabara waliopewa dawa hizi waliota uvimbe wa tezi wa namna hiyo. Kwa binadamu haijathibitika, lakini mwenye historia hiyo hapewi. "Kaulize kwenu," akasema, akanichukua damu ya sukari, figo, ini na tezi.

Nimempigia shangazi, anatafuta makaratasi sandukuni. Nikiwa nasubiri, wenzangu mliulizwa nini?

Dereva wa Hiace, Sakina

Mimi sikuulizwa kitu. Niliingia famasi nikasema kitambi, nikapewa orlistat, kimoja kila mlo. Hakuna aliyeuliza mlo wenyewe ni upi. Mlo wangu ni chipsi mayai asubuhi na nyama ya kukaanga jioni, na hiyo dawa inazuia karibu theluthi moja ya mafuta yasiingie mwilini. Sasa jamani, yasipoingia yanaenda wapi? Nilipata jibu nikiwa na abiria kumi na nane, foleni imesimama. Sitaeleza zaidi. Kiti nilikiosha mwenyewe, konda sikumruhusu asogee.

Baadaye daktari ndiye akaniambia ningeanza na chakula, na kwamba ukiitumia muda mrefu unahitaji vitamini za nyongeza, zimezwe mbali na hicho kidonge. Nilikuwa nimeshaapa sirudii.

Mzee wa Kijenge

Hivyo vipimo vyote ni biashara tu. Mtu mnene anaonekana kwa macho.

Kijana wa Kiborloni

Mzee shikamoo, lakini hapo tusikubaliane. Mama yangu alionekana kwa macho na kila mtu alikosea. Alinenepa ndani ya mwaka mmoja: uso wa duara kama sahani, tumbo mbele, lakini mikono na miguu imebaki myembamba. Akigongwa kidogo tu anavilia damu. Dada yangu wa Dar akataka kumtumia hela ya dawa ya kukonda. Nikampeleka kwanza hospitali hapa Moshi.

Daktari hakuangalia sana mzani. Alimwambia, "Mama, fungua mkoba wako, nitolee kila unachomeza." Mama akabisha, kwamba hana ugonjwa, anameza vya magoti tu. Vikatoka vidonge vimefungwa kwenye karatasi, havina jina, alivyokuwa ananunua kwa mama mmoja sokoni. Ilikuja kubainika ni prednisolone, dawa ya steroidi inayofanana na homoni ya mwili. Mwaka mzima, kila siku!

Nikasema basi tuvitupe leo. Daktari akanizuia kwa mkono kabisa. Mwili ukizoea hiyo dawa unaacha kutengeneza homoni yake, ukikata ghafla mtu anaweza kuanguka na kufa. Walimpunguzia dozi taratibu kwa miezi. Dawa ya kukonda hakupewa hata moja, na uso umeshaanza kurudi. Tatizo magoti sasa yanauma kweli, na hilo bado tunahangaika nalo.

Mzee wa Kijenge

Marahaba. Pole kwa mama. Nimesikia.

Pasua_Moshi

Mimi nina sukari, natumia glibenclamide. Mdogo wangu yuko Marekani akaniletea Ozempic, hiyo hiyo sindano ya semaglutide, kwenye begi, safari ya siku mbili, wakati kalamu ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye friji. Hilo sikulijua. Nikajidunga, hamu ya kula ikapotea, lakini kidonge changu nikaendelea nacho vilevile. Siku ya tatu nikaamka usiku natetemeka, jasho linanitiririka, mume wangu akanikoroga uji wa sukari. Daktari alinigombeza kweli. Kidonge kile kinashusha sukari hata kama hujala, na ukichanganya na sindano lazima mtu akupangie upya dozi. Sasa naanza upya kwake, miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, kwa wiki nne.

Binti_Sekei

Kilo 61, urefu 165. Nilinyimwa. Nililia kwenye korido. Aliniuliza kama huwa najitapisha baada ya kula. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Nina miadi nyingine, si ya uzito.

MamaWawili wa Njiro

Binti, nimekutumia ujumbe pembeni, tafadhali ufungue.

Mrejesho: shangazi ameipata karatasi na kunipigia picha. Imeliwa na mende nusu nzima. Neno goita, yaani rovu, linasomeka, mistari ya chini haisomeki, kwa hiyo napeleka kama ilivyo, daktari aamue. Shangazi kacheka, kaniuliza kama nataka kukonda ili niolewe tena. Kisha akanyamaza kidogo, akasema na yeye ana kauvimbe shingoni, mwaka wa pili sasa, anakafunika kwa khanga.

Alhamisi tunaenda wawili.