PFAS na mabaki ya dawa kwenye maji ya kunywa: tuyachuje mtamboni au tumbane anayemwaga?

Mwanzisha mada: Shabu, chujio la mchanga na klorini vinaondoa tope na kuua vijidudu. PFAS, kemikali za viwandani zenye florini ambazo haziozi kirahisi, zinapita kama hazijaona kitu, na mabaki mengi ya dawa yanazifuata. Mwaka 2024 Marekani iliweka ukomo wa nanogramu 4 kwa lita kwa PFOA na vivyo hivyo kwa PFOS, ambazo ni aina mbili za PFAS. Umoja wa Ulaya una mikrogramu 0.1 kwa lita kwa jumla ya PFAS 20. Je, mtambo uongezewe hatua nyingine, au fedha hiyo itumike kumbana anayechafua? Wa "mkaa unamaliza kila kitu" aje na hesabu.

Fundi Valvu: Hesabu hii hapa. Chukua mtambo wa meta za ujazo 100 kwa saa na mkaa amilifu wa punje, yaani mkaa wenye vitundu vidogo vingi vinavyonasa kemikali. Ukitaka maji yakae dakika 10 kwenye kila tangi, 100 ÷ 60 × 10 ni meta za ujazo 16.7, yaani tani 8 hivi za mkaa. Funga matangi mawili yanayofuatana: la kwanza libebe mzigo, la pili liwe mlinzi. Bomba la sampuli weka katikati yao. PFOA ikianza kuonekana hapo, badilisha mkaa wa tangi la kwanza, kisha geuza valvu ili lililokuwa la pili lipokee maji kwanza na lenye mkaa mpya likae nyuma. Mwenye tangi moja atagundua mkaa umeshiba wakati maji yameshafika kwa watu.

Mkaa mpya uloweke saa 24, halafu sukuma maji kutoka chini kwenda juu hadi vumbi jeusi liishe. Ukikimbilia kufungua, hewa inabaki kwenye vitundu, maji yanajitafutia njia ya mkato, na nusu ya mkaa uliolipia haifanyi kazi.

Kemia Tu: Fundi, hesabu ni sahihi ila mshindani mkubwa umemruka: uozo wa majani na udongo ulioyeyuka. Huo unapimwa kwa miligramu, PFAS kwa nanogramu. Kati yao kuna mara milioni. Nani atawahi vitundu? Kwa hizo dakika zako 10, maji ya ujazo mara 10,000 ya tabaka la mkaa yanapita kwa siku 69. Mara 50,000 karibu mwaka mzima. Mkaa uleule unaweza kuishia popote kati ya hapo kutegemea maji, kwa hiyo ujaribuni kwenye bomba dogo lililojazwa mkaa huo, kwa maji yenu wenyewe kabla ya kununua tani 8.

Halafu kuna PFAS zenye mnyororo mfupi wa kaboni kama PFBA. Hizo hushika kwa ulegevu, zile ndefu zikija zinazisukuma nje, na maji yanayotoka yanaweza kuwa na PFBA nyingi kuliko yanayoingia. Resini ya kubadilishana ayoni (punje za plastiki zinazonasa kemikali zenye chaji) inahitaji dakika 2 hadi 3 tu na inakamata zenye chaji hasi vizuri, lakini klorini inaiharibu, na dawa zisizo na chaji zinapita. Anayechukua sampuli asikaribie utepe wa Teflon; nayo ni jamii hiyohiyo ya florini.

Mlipa Bili: Kwa nini kila nyumba isifunge RO yake (kichujio cha utando kinachosukumiwa maji kwa shinikizo) chini ya sinki, yakaisha?

Fundi Valvu: RO inafanya kazi, mradi kichujio cha mkaa kilichotangulia kibadilishwe kwa wakati; kikichoka, klorini inafika kwenye utando na kuutoboa. Sasa nani atakagua maelfu ya masinki? Na tafadhali, kuchemsha hakusaidii PFAS. Maji yanapungua, zenyewe zinabaki.

Mto Kwanza: Nyote mnahamisha uchafu. RO ya mtambo ikitupa asilimia 20 ya maji, yale yanayotupwa yamekolea karibu mara tano. Yanakwenda wapi kama si mtoni? Gesi ya ozoni nayo inavunja dawa nyingi, si PFAS, na maji yakiwa na bromidi inazaa bromati, ambayo ukomo wake ni mikrogramu 10 kwa lita. Uswisi tangu 2016 inaongeza hatua ya ozoni au mkaa kwenye mitambo ya majitaka, lengo likiwa kupunguza asilimia 80 ya mabaki hayo. Sheria ya Ulaya ya 2024 inawadai watengenezaji wa dawa na vipodozi walau asilimia 80 ya gharama za kusafisha majitaka namna hiyo. Njia ndiyo hiyo.

Kemia Tu: Kwa dawa zinazoingia mtoni nakubali. Lakini kisima kilichokwisha kunywa povu la kuzimia moto lenye PFAS hakisubiri sheria. PFAS zitakaa humo miongo mingi hata bomba la kiwanda likizibwa leo. Hapo ni mkaa au resini, na mchafuzi apelekewe ankara.

Mlipa Bili: Mkaa ulioshiba ndio tatizo langu sasa. Unatupwa?

Fundi Valvu: Unachomwa upya kwenye tanuru bila kuachwa uungue, na asilimia 10 hivi inapotea, kwa hiyo unajazia mpya. Andika kwenye mkataba kwamba mkaa wako urudi kwako, usichanganywe na uliotoka viwandani.