Mkate mnene wa kitunguu saumu kwenye jiko la mkaa

Habari za jioni wakuu. Niko Ujiji, sina oveni. Nakata mkate vipande vya sentimita 3, napaka siagi yenye kitunguu saumu, lakini saumu inaungua na kuwa chungu huku katikati mkate umepoa. Nakosea wapi?

Jibu: Moto, dada yangu. Saumu huungua kabla ya mkate. Tumia sufuria kavu, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama unavyooka keki. Siagi iwe laini tu. Ukiiyeyusha inazama upande mmoja.

Jibu: Mimi hufunika dakika 5 kwanza, ndipo naweka makaa juu. Mawese usiweke! Nayapenda sana kwenye migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, ila hapa yanaimeza saumu.

Muulizaji: Asanteni. Leo wanangu wamegombania kipande cha mwisho.