Meza ya wikiendi, Sabasaba au mali kauli: hereni zangu nianze kuziuza wapi?

Mwanashanga
Wakuu, habari za leo. Natengeneza hereni, bangili na vidani vya shanga na shaba, huu ni mwaka wa pili. Mpaka sasa nimeuza kwa kujuana tu: kazini, kanisani na kwa wanaoona statasi yangu ya WhatsApp. Nina vipande 120 vilivyo tayari na akiba ya shilingi 250,000. Natamani mara hii nisimame mbele ya watu nisiowajua.

Njia ninazoziona ni tatu. Kuna bazaa ya wikiendi huku Masaki, meza ni 60,000 kwa siku mbili. Kuna mama wa batiki anataka tuchangie banda kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba, sehemu yangu 200,000. Na kuna duka la zawadi lililo tayari kupokea mzigo kwa mali kauli, yaani nalipwa vikishauzwa, wao wanakata asilimia 30 ya kila kinachouzwa. Hereni nauza 8,000, malighafi inakula 2,500. Mngekuwa mimi mngeanza na ipi?

FundiShaba
Dada, anza na kalamu. Kila pea inakuachia 5,500. Bazaa inakudai pea 11 ndipo urudishe pesa ya meza, nauli bado. Sabasaba inakudai pea 37. Kwenye mali kauli hutoi kitu mwanzo, ila wakishakata 2,400 yao unabaki na 3,100 kwa pea. Na hapo mkono wako bado hujaulipa. Pea moja inakuchukua muda gani?

Mwanashanga
Kama dakika 40, zile za shanga ndogo zaidi ya saa.

FundiShaba
Basi za shanga ndogo usiziuze 8,000. Panga bei mbili kabla hujatoka nyumbani.

Mama Bangili
Mdogo wangu, Sabasaba naijua. Inaanza tarehe 28 Juni mpaka 13 Julai, na siku zote hizo 16 lazima mtu awepo bandani. Una likizo? Una wa kukupokea ukienda kula? Watu ni wengi kweli, tarehe 7 yenyewe hapapitiki, lakini wengi wamekuja na watoto kutembea, pesa yao ina shughuli ya nauli, soda na vyombo vya nyumbani. Mwaka niliokwenda, hereni zangu za 3,000 ziliisha wiki ya kwanza, na vidani vya 25,000 nilirudi navyo karibu vyote.

Ila sitakuficha kilichonifaa: namba za simu. Dada mmoja alinunua bangili moja tu, Septemba akanipigia nimtengenezee seti za wasimamizi wa harusi. Hiyo oda moja ilizidi mauzo ya banda zima. Kwa hiyo Sabasaba ni pazuri kwa mwenye mzigo mkubwa wa bei ya chini na mtu wa kumsaidia. Kwa vipande 120 na mara ya kwanza, mimi nisingekwenda.

Mchuuzi wa Mwenge
Mali kauli nimeifanya miaka. Duka moja niliwaachia vipande 40 kwa kuaminiana. Nimerudi baada ya miezi mitatu, 11 havipo, havimo kwenye daftari lao, na muuzaji niliyemkabidhi alishaacha kazi. Sikulipwa hata senti. Iliniuma sana kwa sababu vingine nilivitengeneza usiku mtoto akiumwa.

Tangu siku ile naandika orodha nakala mbili, kila kipande na bei yake, tunasaini wote, napiga picha, na tunaweka tarehe ya hesabu kila mwisho wa mwezi. Wakikataa kusaini, naondoka na mzigo wangu. Pia mali kauli haikuonyeshi uso wa mteja. Hujui kwa nini ameishika hereni akairudisha.

Kipini Unguja
Naongeza njia ya nne, ya baadaye: tamasha la muziki la Sauti za Busara, Februari, Ngome Kongwe huku Unguja. Mgeni ananunua kidani jioni, anakivaa papo hapo anaingia nacho kwenye muziki, wenzake wanamuuliza amekipata wapi. Boti kutoka Dar ni saa mbili hivi, lakini kama huna ndugu wa kukulaza, vyumba siku hizo vinapanda bei.

Jambo moja nakuomba, hata huko Masaki: usiguse gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini, wala matumbawe. Ng'amba analindwa, na mgeni akikamatwa nalo uwanja wa ndege ni balaa kwake na aibu kwetu. Shanga za kioo, shaba, pembe ya ng'ombe, mbegu, kifuu cha nazi, hivyo vinatosha kabisa.

Bibi Tanga
Mwanangu, nenda bazaa. Sasa sikiliza habari ya meza yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea.

Kitambaa kiwe cha rangi moja, cheusi au cha mchanga. Ukitandika kitenge cha maua shanga zako zinamezwa. Inua vitu kwa maboksi chini ya kitambaa, hereni ziwe usawa wa macho. Mtu hainami kutafuta. Usimwage vyote 120, toa 50 na uongeze kadiri vinavyotoka. Bei iandikwe kwenye kila kipande, wapo wanaoona haya kuuliza wakapita.

Kioo ni lazima, kikubwa cha kuonyesha mpaka mabega. Mwanamke akijiona na hereni, nusu ya maneno umeshayamaliza. Weka spiriti na pamba ya kufutia kulabu baada ya kila anayejaribu. Na kulabu za bei rahisi zenye nikeli zinawasha masikio, mteja wa hivyo harudi. Chenji ya noti ndogo iwepo, na Lipa Namba iandikwe kwa maandishi makubwa.

Mwanashanga
Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Wakisema nipunguze bei?

Bibi Tanga
Anayechukua pea tatu mpunguzie. Anayechukua moja, mwambie kwa upole jinsi ulivyoitengeneza, kisha nyamaza.

Mwanashanga
Nimelipia meza ya Masaki leo, wikiendi ijayo. Shanga ndogo nimezipandisha 12,000. Kuna mwenye kioo cha kusimama cha kuniazima, Kinondoni au karibu? Nakirudisha Jumatatu asubuhi.