Naomba ushauri: kupima arosto ya mofini kwa panya wa maabara

Ndugu wataalamu, naandaa utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu utegemezi wa mofini (dawa kali ya maumivu inayolevya) kwa panya wa maabara, na kabla sijapeleka maombi kwenye kamati ya maadili ningependa kusikia maoni ya waliowahi kuifanya kazi hii.

Panya aliyezoeshwa mofini kwa dozi zinazopanda hatua kwa hatua, akichomwa naloksoni, dawa inayoing'oa mofini kwenye vipokezi vyake (sehemu za seli ambako mofini hunasa), arosto, yaani dalili za kukosa dawa aliyoizoea, humjia ndani ya dakika chache: hujitikisa mwili mzima kama mbwa aliyelowa, hugonganisha meno, kope humlegea, huharisha na kupungua uzito. Njia hii hupimika kwa urahisi lakini ni kali, nami nasita kwa kuwa binadamu wengi huingia kwenye arosto taratibu, dawa inapokwisha mwilini. Kumkatizia mnyama dozi kungefanana zaidi na hali hiyo, ila dalili hutawanyika kwa saa nyingi na mateso hurefuka.

Je, ninyi mngechagua njia ipi? Uzito unaopungua unatosha kuwa kipimo, au ni lazima kuhesabu mitikisiko kwenye video, tena na mtu asiyejua mnyama ni wa kundi gani? Nafikiria pia kundi litakalopewa klonidini, dawa ambayo hutuliza seli za shina la ubongo zinazotoa noradrenalini, kemikali ya kuuamsha mwili. Nahofia kwamba usingizi inaouleta utaficha dalili badala ya kuziondoa. Na mnyama akizidiwa, mliweka kikomo gani cha kumwondoa kwenye jaribio?