Snap kujiapdeti yenyewe kwenye Ubuntu: ulinzi au ubabe?

Mleta mada: Wadau habari za jioni. Mi nilikimbia Windows nikaja Ubuntu (mfumo wa Linux) sababu nilichoka kupangiwa, sasa juzi nimeunga laptop kwenye hotspoti ya simu, bando la GB 1 la asubuhi, saa sita mchana hamna kitu, nacheki `snap changes` (snap ndo njia ya Ubuntu ya kushusha programu na kuziapdeti) naona Firefox imejishusha upya na ile pakeji ya gnome inayoitegemea juu yake, kimya kimya. Nani kaagiza? Na tangu Ubuntu 22.04 hata ukiandika `sudo apt install firefox`, yaani kwa apt, ile njia ya zamani ya kuweka programu, unaletewa snap ileile, hapo ndo panapouma. Apt inauliza kwanza, we ndo unasema ndio au hapana.

Kiroboto: Mkuu apt nayo haiulizi kila kitu, unattended-upgrades (inayoapdeti yenyewe) inakuja imewashwa, ila yenyewe inashusha za usalama tu. Snap inachungulia apdeti mara nne kwa siku. Na brauza ndo mlango wa wezi, mi laptop ya mzee nyumbani nimeiacha ijiapdeti, yule terminali hajui hata rangi yake, nikimwachia aamue itakaa miaka.

Bibi Debian: Mzee wako sawa, lakini mleta mada sio mzee wako 😂. Na haraka haraka nayo ina yake. Machi 2024 ile xz (programu ya kubana mafaili) 5.6.0 na 5.6.1 iliyotiwa mlango wa nyuma wa wadukuzi iliwakuta waliokuwa mbele, wa Debian sid (toleo la majaribio), sisi wa stable (toleo tulivu) haikutufikia kabisa. Linux Mint, waliojengea juu ya Ubuntu, walimaliza ubishi mapema, toleo la 20 mwaka 2020 wakaifungia snapd (inayoendesha snap) na faili moja tu, nosnap.pref.

Kiroboto: Xz ilikuja kama pakeji ya kawaida dada, sio snap, usichanganye. Mleta mada piga hii: `sudo snap set system refresh.metered=hold`, halafu kwenye setingi za wifi weka alama kwamba hiyo hotspoti inalipiwa. Ukitaka kuzima kabisa ipo `sudo snap refresh --hold`, ila ukisahau usije kulia hapa.

Mleta mada: Asante, nimepiga ya kwanza. Ila bado nauliza, mtu asiyejua hiyo komandi bando lake atalipwa na nani? Na kwa nini neno apt liniletee snap, si waandike tu ni snap nijue nachagua nini