Kwa nini wanapiga picha sayari za nyota changa na sio za hapa jirani?

Kijana wa Moro: Wakuu habari za jioni. Leo nimeona ile video ya nyota HR 8799, vidoti vinne vinaizunguka taratibu, nimeirudia kama mara kumi. Nilijua sayari za huko wanazigundua nyota ikififia pale sayari inapopita mbele yake, kumbe zingine zinapigwa picha kabisa! Sasa hiyo iko miaka ya nuru 133, yaani mwanga wake unasafiri miaka 133 kutufikia, kwa nini wasihangaike na nyota jirani Alpha Centauri iliyo miaka ya nuru 4 tu?

Fundi Redio: Mkuu siri ni umri. HR 8799 ina miaka milioni 30 hadi 40 hivi, Jua letu lina bilioni 4.6, na Alpha Centauri nayo ni ya zamani hivyohivyo. Sayari kubwa inazaliwa ya moto, inapoa polepole, kama sufuria umeliepua sasa hivi, gizani hulioni ila ukisogeza mkono unasikia joto. Zile nne za HR 8799 bado zina nyuzi mia kadhaa kwahiyo zinang'aa zenyewe kwenye infraredi, ule mwanga wa joto usioonekana kwa macho. Jupita yetu imeshapoa, ni hafifu kuliko Jua kama mara bilioni moja. Timu ya mwanaastronomia Christian Marois ilinasa tatu kati ya hizo nne 2008 kwa darubini za Keck na Gemini kule Hawaii, ya nne 2010.

Kijana wa Moro: Na mwanga wa nyota yenyewe wanaukwepaje?

Fundi Redio: Wanauziba, kama unavyokinga mkono lori likikuwashia full usiku. Bado yanabaki madoa ya mwanga yanafanana na sayari kabisa, hapo ndo kazi ilipo. Wanaiacha kamera bila kuizungusha anga linavyozunguka, madoa yanaganda palepale, sayari inahama na anga, halafu kompyuta inafuta kila kilichoganda. Mimi hiyo akili naivulia kofia.

Binti Bagamoyo: Mfano mwingine mzuri ni nyota Beta Pictoris, miaka ya nuru 63. Mwaka 2003 darubini ya VLT kule Chile ilinasa kidoti pembeni yake, baadae kikapotea, 2009 kikaibukia upande wa pili wa nyota, ndo ikajulikana ni sayari kweli. Na nyota yenyewe unaiona kwa macho! Katikati ya mwezi wa pili, saa 3 usiku, kaa mbali na taa utazame kusini, utaiona nyota Suheli (Canopus) inawaka, ile babu zetu wavuvi walikuwa wanaijua. Nyoosha mkono, hesabu vidole vitatu au zaidi kidogo kwenda kulia, hicho kinyota hafifu ndo chenyewe.